Ndiyo Niliyompa Bibi Rösch

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuukana. Muulize yeyote pale wodini ninapofanya kazi, hata daktari mkubwa ananijua. Akiniletea upuuzi namwambia huu ni upuuzi, kwa Kiingereza changu hiki hiki cha Mwika kwetu, na anaondoka ameelewa. Kwa hiyo nikisema nimempoteza kaka yangu mara ya pili kwa sababu sikufungua mdomo, watu hapa Kingsbury, London, wananitazama wakidhani natania. Natamani ningekuwa natania.

Kaka yangu anaitwa Godlisten, namwita kaka ingawa mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa. Alikwenda Ujerumani mwaka 2001 kwa ufadhili wa kanisa, kusomea ufundi wa mitambo katika kijiji kimoja cha milimani, kusini kule wanakokuita Swabia. Januari 2004 alikuwa anatoka kazini kwa baiskeli, barabara imeganda barafu, akateleza mbele ya lori. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwezi huo huo baba yetu alikuwa kitandani hospitalini Moshi, hajui leo wala kesho, na nyumbani hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kupigania maiti iliyoko Ulaya. Kanisa la kule likaandika barua kwa upole kabisa, likiomba ruhusa ya kumzika. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakajibu kwamba azikwe huko kwanza.

Lisikie hilo neno, kwanza. Kwetu Uchagani mtu anazikwa kihambani, nyuma ya nyumba yao, kwenye migomba aliyokatia ng'ombe majani. Ukifia Mwanza tunakuleta, ukifia Dubai tunakuleta. Aliyelala ugenini bado yuko safarini. Baba naye alifariki Machi ile, tukamzika, na kando yake pakaachwa nafasi ya Godlisten. Mama alishasema yeye atalala mbele yao, upande wa kahawa, baada ya mwanawe kufika. Miaka ishirini hii mama hajawahi kutamka "marehemu Godlisten". Anasema Godlisten hajarudi.

Sasa mama ana miaka themanini na minane, macho hayaoni vizuri, na kila nikipiga simu swali ni moja: lini unamleta? Kwa watu wa nyumbani London na Ujerumani ni kama Moshi na Arusha, unatoka asubuhi unarudi jioni na mifupa ya kaka yako kwenye begi. Lakini kusema kweli mama hakukosea. Nilikuwa nimeshaulizia, nikaambiwa mifupa inaweza kusafirishwa ikiwa ndugu wameomba na kaburi halijawekwa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kazi ilikuwa yangu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa karatasi zangu za ukaazi, zilizokuwa ofisi ya uhamiaji Croydon zinasubiri zamu yake kama karatasi za watu wote, na bila hizo nikitoka nchini sirudi. Kikwazo cha pili kilikuwa Bibi Rösch.

Huyu Bibi Rösch ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wa Godlisten. Alimpangisha chumba cha juu, na kaka alipofariki akamchukulia kama mwanawe. Kaburi liliandikishwa kwa jina lake, na ndiye aliyelipalilia miaka yote hiyo. Kila Krismasi alituma Mwika picha ya kaburi, nyuma ameandika tarehe tu. Sasa mtu wa namna hiyo unamwandikia barua kumwambia nakuja kufukua? Kwetu jambo zito haliendi kwa posta wala kwa simu. Unakwenda mwenyewe, umevaa vizuri, umebeba kitu mkononi, unakaa, unaulizwa habari za safari, unakunywa ulicholetewa, ndipo unasema kilichokuleta. Nikaamua nitajifunza Kijerumani, nimzoee kwa simu, karatasi zikitoka niende nimwombe uso kwa uso. Nilijiona mwenye akili sana.

Darasa lilikuwa jioni, Jumanne na Alhamisi, nikitoka shifti. Mwalimu wetu aliitwa Emma, binti mrefu kutoka Hannover, ambako Wajerumani wenyewe wanasema ndiko lugha ilikonyooka. Jamani, nilisoma. Miaka miwili nilikariri vitenzi kwenye basi, watu wa Kingsbury Road wakinitazama nikisema peke yangu. Mama Pritesh, mwenye duka chini ya chumba changu, Mhindi wa Moshi aliyezaliwa karibu na stesheni ya reli, alikuwa ananitania kwamba nimepata bwana wa Kijerumani ninamficha. Nilipofaulu mtihani wa daraja la tatu alinipa boksi zima la maembe. Nilijua kuagiza chakula, kuuliza treni, kulalamika hotelini kwamba taa ya chumba haiwaki. Nikajiona niko tayari.

Nikapiga simu Jumapili moja mchana. Nikasema Guten Tag kama Emma alivyotufundisha. Upande wa pili sauti ya kikongwe ikajibu Grüß Gott, na baada ya hapo, mwenzangu, sikusikia hata neno moja la kitabuni. Ilikuwa kama mtu anaongea huku ana kiazi cha moto mdomoni. Maneno yamekatwa mikia, mengine yameongezwa. Kila kitu amekifanya kidogo: kanyumba, kamkate, kabustani, hata mimi mwanamke wa miaka hamsini na moja nikawa "Mädle", kasichana. Jina la kaka yangu tu ndilo nililolishika, nalo amelikata, anamwita Goddi. Na kila sentensi anaifunga kwa kaneno "gell?", kama sisi tunavyosema "au siyo?", kisha ananyamaza anasubiri.

Mtu mzima akikuuliza "au siyo, mwanangu?" unajibu nini? Unajibu ndiyo. Nikasema "ja". Akafurahi, akaendelea. Nikasema "ja" nyingine.

Alhamisi nikamfuata Emma nikiwa nimefura. Nilimwambia miaka miwili umenifundisha lugha ambayo watu hawaisemi. Alicheka, akasema hiyo ni lahaja ya Swabia, kwamba hata yeye akienda kule kwa fundi wa baiskeli anaelewa nusu. Akaniandikia kwenye kadi sentensi ya kuomba mtu aongee polepole, niisome kwenye simu. Akasema hakuna aibu yoyote, Wajerumani wote wa nje ya Swabia huomba hivyo. Niliibandika ile kadi kwenye friji. Ilikaa pale miezi minane na sikuitumia hata siku moja.

Wala usidhani kuna Mchaga wa kushangazwa na lahaja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana wanaongea Kiswahili, maana kila mto una lugha yake. Mama yangu ni wa Rombo, aliolewa Mwika. Bibi mzaa mama alipokuja kututembelea aliongea Kirombo cha zamani, na sisi watoto tulishika nusu. Siku moja nikamwuliza, bibi umesemaje? Mama alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Mtu mzima haulizwi mara mbili. Unaitika ndiyo bibi, unatoka nje, unawauliza wakubwa wengine bibi alisema nini. Na hiyo kweli ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu nje kulikuwa na shangazi, na mjomba, na jirani, mtu wa kukufafanulia hakosekani. Adabu ile inahitaji watu wengi. Mimi nilikuwa peke yangu chumbani Kingsbury, mlango umefungwa, simu sikioni, na nje ya mlango hapakuwa na mtu aliyesikia kitu.

Basi kila Jumapili nikapiga. Polepole nikaanza kushika vipande, na vipande vile vilikuwa vitamu. Nikaelewa kwamba kule wapangaji wanapokezana zamu ya kufagia ngazi na mbele ya nyumba, kuna kibao kinatundikwa kwenye mlango wa mwenye zamu, na Goddi alifagia hadi kwa jirani, mpaka jirani akanuna. Nikaelewa kwamba alijifunza kupika tambi zao za kukwaruza kwenye ubao, akazila na maharage, na Bibi Rösch alicheka akikumbuka. Nikaelewa kwamba Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka wafu, analifunika kaburi kwa matawi ya misonobari lisipigwe na baridi. Mimi sikuwahi kumjua kaka yangu akiwa mtu mzima. Aliondoka mimi nikiwa kazini Tanga, akafa sijamwona. Huyu kikongwe alikuwa ananipa kaka yangu kipande kwa kipande, nami nilimpenda, nalisema wazi. Nilimpenda kama bibi yangu.

Na vile vipande nisivyovishika nilivijibu "ja".

Jumapili moja ya Februari mwaka jana alikuwa na sauti nyingine. Ya chini, imechoka. Hakuniuliza hali ya hewa. Alianza na Goddi, akaongea muda mrefu bila kupumzika. Nikashika neno ofisi ya kijiji. Nikashika miaka ishirini. Nikashika jiwe. Nikajisemea, ni kumbukumbu ya miaka ishirini, wanataka kusafisha jiwe la kaburi, au limepasuka kwa baridi. Kisha akaanza kujisema yeye, mimi, mimi, mimi, na sauti ikakatika akalia.

"Gell?" akasema.

"Ja," nikasema.

Akasema tena maneno mengi, machozi yamo ndani yake, akamaliza kwa "gell, Mädle?"

"Ja, Frau Rösch. Ja."

Nikasikia anavuta pumzi ndefu, kisha analia kwa sauti, nami nikalia. Tulilia wote wawili, kila mtu na simu yake, kwa muda mrefu. Alipokata nilijisikia mwepesi. Nilishuka dukani macho mekundu nikamwambia Mama Pritesh kwamba leo tumelia Kijerumani.

Mama Pritesh alikuwa anapanga bamia. Hakucheka.

"Wewe ulikuwa unamlilia kaka yako," akasema. "Yeye alikuwa analia nini?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwani kilio nacho kina tafsiri?

"Kinayo," akasema. "Mpigie umwulize."

Lilikuwa jambo la dakika mbili. Nilikuwa na kadi kwenye friji. Lakini kumpigia mtu mzima aliyenililia, nimwambie yale uliyoyasema kwa machozi sikuyasikia, uyarudie? Nilijisikia aibu mwili mzima. Nikasema nitamwuliza nikifika kwake Juni. Karatasi zangu zilikuwa karibu kutoka, nilishaomba likizo, nilishanunua khanga mbili na kahawa ya nyumbani ya kumpelekea.

Machi simu iliita Jumapili mbili bila kupokelewa. Ya tatu ikawa haiiti kabisa. Nikajipa moyo kwamba labda yuko hospitali kwa goti lake.

Katikati ya Aprili ikaja bahasha kubwa kutoka ofisi ya kijiji. Niliifungulia pale pale kaunta kwa Mama Pritesh, maana ndiye anayetupokelea barua. Ilikuwa Kijerumani cha ofisini, kirefu, cha kujikunja, kile kile Emma alichotukaririsha, na nilikielewa neno kwa neno bila kamusi. Hilo ndilo lililoniuma mwanzo. Walinijulisha kwa masikitiko kwamba Bibi Rösch amefariki tarehe tisa Machi. Kwa mapenzi yake, na kwa idhini ya familia aliyoipokea kwa simu kutoka kwangu, amezikwa katika kaburi la kaka yangu. Jina la Godlisten limebaki kwenye jiwe, juu ya jina lake. Muda mpya wa mapumziko ya marehemu ni miaka ishirini, na kabla ya hapo kaburi haliruhusiwi kufunguliwa kwa sababu yoyote.

Nilisoma mara tatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua nyingine, ndogo, ya mkono, aliyoiacha Bibi Rösch nitumiwe. Na ile barua, Mungu wangu, ilikuwa Kijerumani cha Emma. Kimenyooka. Hakuna mkia uliokatwa. Kumbe wenyewe kule wanaongea lahaja yao, lakini wakishika kalamu wanaandika kama walivyofundishwa shule. Miezi minane yote ningeweza kumwomba tu aniandikie.

Niliisoma kwa sauti, naigeuza Kiswahili kadiri ninavyokwenda, na Mama Pritesh akageuza kibao cha mlango kuonyesha duka limefungwa.

"Mpendwa Haika," iliandikwa. "Nakushukuru kwa ndiyo yako ya jana. Nilichelewa kukuuliza kwa sababu niliogopa. Ofisi imeniambia miaka ishirini ya Goddi imekwisha, na kwetu muda ukiisha jiwe linaondolewa na mahali panasawazishwa, watu wakapita juu yake. Nilijaribu kuongeza muda, wakasema kaburi la aina ile haliongezwi isipokuwa azikwe mtu mwingine humo. Mimi nina ugonjwa ambao hautanifikisha kiangazi. Sina mtoto. Nikaona nikilala naye, jiwe litabaki, naye hatakanyagwa. Lakini yeye ni wenu, si wangu. Nilijiambia, nikimwuliza dada yake akasema hapana, au akisita hata kidogo, nitaliacha jambo hili na nitawaachia wenyewe mwamue. Hukusita. Ulisema ndiyo mara tatu na ukalia nami. Nimelala usingizi mzuri jana kwa mara ya kwanza tangu Krismasi."

Basi. Chini amesaini, na ameongeza kwamba ndani ya sanduku la safari la kaka yangu, alilolitunza, kuna vitabu vyake ambavyo kanisa litanitumia.

Mimi ninayejua makaburi ya Mwika, ya babu na baba wa babu, ambayo hata trekta la serikali likipita linazunguka, ningejuaje kwamba kuna nchi kaburi linaisha? Emma anajua. Darasa zima la Wazungu wangejua. Hakuna sura ya kitabu inayosema hivyo. Kuna sura ya hoteli, sura ya daktari wa meno, sura ya kupoteza mwavuli.

Mama Pritesh alijaribu kunifariji. Alisema ungesema hapana, wangeng'oa jiwe, sasa hivi kaka yako asingekuwa na jina. Alisema wao huchoma maiti, baba yake alichomwa Moshi na hana mahali popote pa kwenda kumtembelea. Anajua kuongea, yule mama, lakini siku ile nilimkatiza.

"Si hapana," nikamwambia. "Nisingesema hapana. Ningesema subiri. Ninakuja Juni kumchukua, nisubiri. Hilo neno nalijua kwa Kijerumani tangu wiki ya kwanza."

Akanishika mkono.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetuambia kinachomvunjika yule anayeitikia kwamba amesikia na kumbe hajasikia. Wiki nzima nilikuwa na hasira za kurusha sahani. Nilimkasirikia Bibi Rösch kwa kufa, nikamkasirikia kwa kuwa mtu mwema hivyo, maana angekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu. Nilimkasirikia Emma, nikaacha darasa. Nikajikasirikia mimi zaidi ya wote. Pale wodini niliwafokea watu wasio na kosa, mpaka wakaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Nikampigia mdogo wangu Evans, anayeishi na mama. Alisikiliza yote, kisha akatoa neno, kwa nia njema. Alisema dada, chota udongo. Udongo wowote. Ulete umefungwa vizuri, tutasema ni wa kaburi lake, mchungaji aombe, tufukie kando ya baba. Mama haoni. Afe kwa amani.

Nilimtukana Evans matusi ambayo Mungu anisamehe. Kisha nikakata simu, nikashuka nyuma ya duka ambako Mama Pritesh amepanda mchicha wake, nikachota udongo kwa mikono, nikautia kwenye kopo la majani ya chai. Nakiri. Nilikaa nao chumbani siku nne. Siku ya nne nikamwona mama akilini, anashikwa mkono mpaka kihambani, anapiga magoti na miguu yake ile, anauimbia udongo wa mchicha wa Kingsbury wimbo wa kumpokea mtoto. Nikashuka nikaurudisha bustanini, nikaunyunyizia maji, nikapanda tena miche niliyoing'oa.

Jumapili nikapiga simu nyumbani. Evans alimshikia mama simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama kawaida.

"Lini unamleta?"

"Mama, Godlisten haji."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, makaburi yenye muda, ugonjwa wa yule bibi, simu ya Februari. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ile ndiyo nilitaka kupita haraka, akanisimamisha.

"Ulielewa alichokuuliza?"

"Hapana, mama."

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilitaka kumwambia ni wewe, mama, ni kidole chako pajani kwangu, mtu mzima haulizwi mara mbili. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, na bado liko tumboni.

Akauliza kama yule bibi alikuwa na watoto. Nikasema hakuwa nao. Akauliza miaka mingapi tena. Nikasema ishirini. Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu, akasema hewala. Nikasikia kuku wa Evans, nikasikia mama anahema.

Kisha akaanza kuongea Kirombo. Mama akiongea Kirombo ujue maneno yanatoka mbali, ni lugha ya mama yake, hatumii kuagizia chumvi. Aliongea chini chini, muda mrefu, simu inakwaruza. Nikashika jina la baba. Nikashika migomba. Mengine yakanipita. Akafika mwisho, akanyamaza, na nikajua ule ukimya. Alikuwa anasubiri niitike.

Ile "ndiyo, mama" ilikuwa imeshajaa mdomoni. Nilifumba macho.

"Mama, sijaelewa," nikasema. "Naomba urudie."

Nikadhani nimemuumiza, nikadhani atampa Evans simu. Lakini alikohoa, akarudia kwa Kiswahili, neno moja moja, polepole, kama unavyomsemesha mgeni.

"Nimesema hivi. Pale kando ya baba yenu, kwenye nafasi ya Godlisten, mnizike mimi. Msipaache wazi. Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa, mama."